Kahawa ya Kuletewa: Siku Nne Krakow kwa Sahihi ya Mama Wakio

Watu huenda Ulaya kwa masomo, kwa matibabu, kwa ndoa, na wengine huenda kuzamia. Mimi nilikwenda ili niketi kitini niletewe kahawa. Najua haiingii akilini. Haikumwingia mama yangu kule Tanga, haikumwingia kijana wa dirisha la viza, na meneja wangu hadi leo bado anaitafakari.

Maelezo yake ni haya. Kwa miaka sita nimekuwa mhudumu kwenye mkahawa mmoja Oud Metha, hapa Dubai, chini ya jengo lenye kliniki ya meno na ofisi za mawakili. Kwa hiyo wateja wetu ni watu waliotoka kung'olewa jino na watu waliotoka kung'olewa pesa, na wote wanataka kahawa. Wenye nguvu za kuzungumza huhadithiana safari. Tangu ndege za bei nafuu zianze kwenda Poland, kila wiki kuna aliyerudi kutoka huko. Madam mmoja wa ofisi za juu, ambaye meza yake ni ile ya dirishani, alirudi kutoka Krakow na lalamiko kwamba supu ilichelewa. Siku nne Ulaya, na alichobeba kurudi nacho ni supu iliyochelewa. Kisha akanigeukia, kidole kikiwa juu kuomba bili, akasema, "Rehema, ni rahisi mno, lazima uende."

Kina madam wote husema hivyo. Ni hisani isiyomgharimu mtu kitu. Kosa langu ni kwamba nilimwamini.

Wa kwenda naye alikuwa Immaculate, Mganda wa Masaka, ambaye sote tunamwita Imma. Yeye ndiye anayesimama kwenye mashine ya kahawa na kuchora mioyo na majani juu ya maziwa; mimi ndiye ninayeibeba mioyo hiyo hadi mezani bila kuivunja. Tunalala chumba kimoja kule International City, mbali na mjini, basi halafu metro, kwenye mitaa ambayo majengo yake yamepewa majina ya nchi za watu. Nilipofika nililala Urusi, nikahamishiwa Ufaransa, na sasa niko Ugiriki. Kwa hiyo msidhani Ulaya nilikuwa siijui.

Wiki tatu kabla ya safari, tuliingia ofisini kuomba pasipoti zetu. Pasipoti za wafanyakazi hukaa kwenye droo ya meneja. Sheria ya nchi inasema pasipoti ni ya mwenyewe, lakini droo haijawahi kuisoma hiyo sheria. Meneja, ambaye sote tunamwita Sir, si mtu mbaya. Ni mtu wa fomu.

"Poland mnakwenda kufanya nini?" akauliza.

"Kunywa kahawa, Sir."

"Kahawa si iko hapa?"

"Iko, Sir. Ila hapa tunaibeba."

Sir akatufafanulia hesabu zake za binadamu. Mtu akienda kwao, alisema, hana wasiwasi naye, maana shida iliyomleta Dubai bado inamsubiri kule na itamrudisha. Lakini mtu akienda Ulaya, kitu gani kitamrudisha? Akachapa karatasi: mfanyakazi mwenzetu atusainie. Tusipokuwa kazini Jumanne asubuhi, likizo ya huyo aliyetusainia imefutwa. "Khalas, basi," akasema, akagonga muhuri kabla hata hatujampata wa kusaini.

Tuliizungusha ile karatasi jikoni kama bakuli la sadaka. Mmoja alisema mkono unamuuma. Mwingine alisema kwao hawasaini mwezi huo. Mwisho ilimfikia Mama Wakio, Mkenya wa Wundanyi, mama wa makamo tunayelala naye chumba kimoja, anayeosha vyombo pale tangu mkahawa haujapata hata jina. Yeye alikuwa mtu wa mwisho duniani aliyepaswa kusaini. Likizo yake, ya kwanza kwa miaka mitatu, ilikuwa inaanza Jumatano, siku moja baada ya sisi kurudi kazini, na Jumamosi yake binti yake Wakio alikuwa anaolewa.

Akatoa mikono kwenye sinki, akaifuta nusunusu, akasaini. Povu likabaki kwenye karatasi.

"Nimewasainia," akasema. "Lakini sikieni nyinyi wawili. Wakio ni mmoja, na harusi ni moja. Mkinizamia huko, mtakuwa mmemuoza mtoto wangu bila mama yake."

"Mama, tutarudi," nikamwambia.

"Si ndiyo maana nimesaini?" akajibu, akarudi kwenye sufuria zake.

Siku zilizofuata, International City. Habari ikaenea jengo zima kwamba tunazamia. Nilipokana, walinikonyeza. Msichana wa kitanda cha juu aliniomba nimwachie mto wangu. Jirani wa Kitanzania alikuja kuniaga kwa machozi ya kweli, akaniambia nikifika nisimsahau, halafu akauliza kama bakuli langu la ugali nitalihitaji tena. Nilianza kujiona marehemu anayegawa mirathi akiwa bado anatembea.

Mimi mwenyewe nilicheka, mpaka usiku wa kufungasha. Ndege yetu ilikuwa ya bei ya chini kiasi kwamba begi halikuruhusiwa kuzidi kilo saba, na kila soksi ilipimwa kwa dhamiri. Nikamwona Imma akichomeka katikati ya nguo cheti chake cha mafunzo ya kahawa, na jalada lake gumu. Anayekwenda kustarehe anabeba cheti cha nini? Sikumuuliza. Nilianza kumlinda asije akazamia.

Alhamisi jioni, Satwa. Tulipitia makoti kwa fundi. Makoti ya dukani yalikuwa na bei ya kutuliza homa ya safari kabisa, kwa hiyo tuliyashonesha kwa masta mmoja wa Kipakistani aliyetuhakikishia kwamba anaijua baridi, ameishi Dubai miaka ishirini na anajua kiyoyozi kinavyoweza kuwa. Bitana alitia kitambaa kilichobaki kwenye mapazia ya mteja: maua makubwa mekundu. Tulifika uwanja wa ndege tumevaa kila tulichonacho ili kukwepa mizani, sweta juu ya sweta na koti juu yake, katika joto ambalo hata feni huomba maji. Jasho lilinitoka hadi ofisa wa pasipoti akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia nakwenda Ulaya. Akapiga muhuri kwa huruma.

Ijumaa asubuhi, Krakow. Mlango wa ndege ulipofunguliwa, baridi iliingia ikatutafuta sisi wawili tu.

"Rehema," Imma akasema, meno yakigongana, "hii baridi iko na roho mbaya."

Koti la masta lilijitahidi kwa dakika tatu. Theluji, ambayo nilidhani ni kitu cheupe cha kwenye kadi za sikukuu, niliikuta barabarani ni ya kijivu, imekanyagwa, inateleza na haina shukrani. Tukapanda treni hadi mjini, tukatembea hadi mtaa wa zamani wa Kazimierz, kwenye nyumba ya kulala wageni ambayo picha zake mtandaoni zilipigwa na mtu mwenye mapenzi makubwa. Chumba kilikuwa ghorofa ya nne, ngazi tupu, vitanda vya juu na chini kama vya kwetu. Tulisafiri nusu ya dunia tukafika International City.

Mwenye nyumba alikuwa bibi mmoja mfupi aitwaye Halina. Alichukua pasipoti yangu, akanakili jina, kisha akafanya jambo lililonishtua: akanirudishia. Nilibaki nimeishika mkononi nisijue pa kuiweka. Miaka sita sijawahi kulala nayo.

"Karibu, pani Rehema," akasema kwa Kiingereza chake cha kuokoteza.

Pani, kwao, ndiyo madam. Kila mwanamke ni pani, hata muuza mkate, hata mfagia theluji. Nikageuka nyuma kumtazama huyo madam aliyekuwa anaambiwa. Hakukuwa na mtu. Nikasema, "Asante, madam," na yeye akasema, "Karibu, pani," tukaendelea hivyo kwa muda, kila mmoja akimpandisha mwenzake cheo, mpaka Imma akasema anataka kulala.

Ijumaa mchana tukaenda kutimiza kusudi la safari. Mkahawa tuliouchagua ulikuwa na giza la mishumaa na meza zilizotengenezwa kwa vyerehani vikuukuu, na masta wetu wa Satwa angeuona angedhani kafilisika. Nikaketi. Mhudumu akaja, msichana mwembamba mwenye kalamu sikioni, akasema, "Proszę, pani?" yaani karibu, agiza.

Nikasimama.

Naapa sikukusudia. Mtu amekuja mezani, miguu yangu ikanyanyuka yenyewe. Yeye akarudi nyuma hatua moja akidhani nataka kuondoka. Nikaketi, nikaagiza, na kahawa ilipofika nikaipokea hewani kabla haijatua, nikampangia Imma kikombe chake, nikageuza mpini ukaelekea mkono wa kulia. Tulipomaliza nilikuwa nimeshapanga vyombo kwa ukubwa, nimefuta meza yetu kwa tishu na ya jirani kidogo. Imma alikuwa na ugonjwa wake mwingine: kila mashine ikipiga kelele alifumba macho kwa uchungu.

"Wanaunguza hiyo maziwa," akaninong'oneza. "Rehema, sikia. Inalia."

"Kunywa kahawa yako. Uko likizo."

"Siwezi. Hiyo maziwa inateseka."

Jioni tulitafuta chakula. Poland wana kitu wanakiita pierogi, ambacho ni sambusa iliyochemshwa badala ya kukaangwa, kama vile mpishi aliishiwa mafuta akaona aibu kusema. Ni tamu, sikatai. Tatizo ni nguruwe, ambaye kule yumo katika kila kitu, nadhani hata kwenye saladi humpitisha juu kidogo. Niliuliza supu kama ina nguruwe. Mhudumu, kijana mwenye moyo safi, akafikiri sana asije akanidanganya, akasema, "Kidogo tu." Nikala pierogi za viazi siku zote nne. Supu, kwa taarifa ya madam wa dirishani, haikuchelewa.

Jumamosi usiku tulitoka kwenda kuona starehe za mji, maana safari hizi wateja wetu hawazihesabu mpaka mtu apoteze simu. Kwanza tulipita kwenye baa ambako watu hunywa vodka wamesimama, na kila bilauri ina samaki mbichi wa siki wa kuisindikiza. Mimi nilikunywa maji ya matunda yaliyochemshwa, nikawa mtu pekee aliyekumbuka kila kitu kesho yake. Kisha Imma akataka kucheza. Tukashuka kwenye klabu ya chini ya ardhi, handaki la matofali, ambako Wapolandi walikuwa wanaruka wima, uso hauna dalili ya furaha, kama vibarua wanaoshindilia zege kabla halijakauka. Imma aliingia katikati na viuno vyake vya Masaka, na baada ya nyimbo mbili watu wakamfanyia duara.

Mimi nilikuwa nimebaki mlangoni, mahali pa kuvulia makoti. Mama anayeyapokea alifunua koti langu, akaona bitana ya maua, akalifunua zaidi, akamwita mwenzake. Sikukasirika. Foleni ilikuwa ndefu na mwenzake, akishayatazama maua, aliondoka zake, na kibarua hicho ninakijua. Nikaanza kumpokelea makoti, yeye akawa anatoa namba. Nilikaa pale karibu saa nzima nikitundika makoti ya Ulaya, katika usiku wangu pekee wa starehe Ulaya, na Mungu anisamehe, nilifurahi. Kutoka pale nilikuwa namwona Imma vizuri pia. Kazi ya kumlinda ilikuwa inaendelea.

Jumapili asubuhi ndipo mambo yalipoharibika. Tuliingia kwenye mkahawa mdogo karibu na nyumba yetu, wa mama mmoja aitwaye Dorota, mrefu, nywele amezibana kwa penseli. Mtengeneza kahawa wake hakutokea siku hiyo, na foleni ilikuwa imefika nje kwenye theluji. Mama wa watu anakanda unga, anapokea pesa, anafuta meza, na mashine nyuma yake inapiga mayowe. Nilimgeukia Imma kumwambia tutafute pengine. Kiti chake kilikuwa kitupu.

Alikuwa ameshavua koti. Alimgusa Dorota begani, akamwonyesha mashine, akajionyesha kifuani, akachukua jagi la chuma. Mashine ikanyamaza, ikaanza kunong'ona inavyotakiwa. Kikombe cha kwanza kilitoka na jani juu yake, na mzee aliyekipokea alikipiga picha. Sasa nifanye nini mimi? Vikombe vinatoka, hakuna wa kuvipeleka. Nikachukua trei.

Tulifanya kazi hadi saa nane mchana. Hakuna aliyetuita "sista" wala kutupigia vidole. Ni pani hapa, pani pale, asante pani. Foleni ilipoisha Dorota alituketisha, akatuwekea keki ya jibini, akajifuta jasho na kusema kwa Kiingereza chepesi kwamba hana watu, vijana wote wa Krakow wamekwenda London kubeba vikombe, kwamba atashughulikia vibali, kwamba ana nafasi mbili. Mbili, akasisitiza, akinitazama mimi. Akaandika namba yake ya simu kwenye tishu. Akamuuliza Imma alisomea wapi kahawa, na Imma akasema ana cheti, kesho atakileta.

Nikakumbuka usiku wa kufungasha. Kumbe ndiyo maana!

Hapa lazima niseme jambo ambalo sikumwambia mtu. Ile tishu aliichukua nani? Si Imma. Niliichukua mimi. Nilisema naitia mfukoni isije ikachafua meza, na nilipofika chumbani nikaipenyeza ndani ya bitana ya koti, pale mshono wa masta ulipoachia. Usiku ule usingizi haukuja. Nililala chali nikijiona nina chumba changu mwenyewe, ufunguo wangu, pasipoti yangu kwenye kabati langu, naitwa pani na muuza mkate. Nilitaka. Nilitaka kubaki. Nikajiambia Mama Wakio ataelewa. Nikajiambia harusi za siku hizi zinarekodiwa video. Mtu akitaka kufanya ubaya hakosi hoja, na mimi usiku ule nilikuwa wakili kuliko mawakili wote wa ghorofa ya juu. Na hoja yangu kubwa ilikuwa hii: Imma anabaki kwa vyovyote, cheti ameshakibeba, kwa hiyo likizo ya Mama Wakio imeshakufa, mimi kurudi peke yangu kutamsaidia nini?

Jumatatu, alfajiri. Nilipitiwa na usingizi kidogo, na nilipofumbua macho kitanda cha Imma kilikuwa kimetandikwa. Begi lake halipo. Cheti hakipo. Nikatia mkono chini ya mto wangu: pasipoti yangu nayo haipo.

Nilivaa sijui nilivyovaa. Nilishuka ghorofa nne, nikateleza kwenye theluji mara mbili, na njiani nilimtukana Imma kwa Kiswahili, kwa Kisambaa cha bibi yangu, na kwa Kiarabu kidogo nilichookota kwa wateja. Mwizi! Msaliti! Mwenye kumnyima mama wa watu harusi ya mwanawe! Ilikuwa raha kumtukana, maana kila neno lilinistahili mimi.

Nilimkuta kwenye mkahawa wa Dorota, ameketi meza ya dirishani, begi lake na langu chini ya meza. Langu hata sikuwa nimeona kwamba halipo. Dorota alikuwa amesimama karibu yake, miwani puani, akikisoma kile cheti neno kwa neno, akitikisa kichwa kukubali.

"Keti," Imma akaniambia.

"Pasipoti yangu iko wapi?"

"Iko na mimi. Nilikuona na ile tishu, Rehema. Nilikuona unaitia kwa koti." Hakuwa na hasira. "Nikasema, nikimwambia maneno, huyu mtu wa Tanga atanishinda kwa maneno. Afadhali nichukue pasipoti. Akiamka atanifuata mbio. Akinifuata mbio ameshavaa. Akishavaa, tunaenda eapoti."

"Na cheti? Tangu Dubai umebeba cheti!"

Akaona haya kidogo. "Nilitaka mwenye mkahawa mmoja akisome tu. Sir miaka minne hajawahi kukisoma. Anaweka kahawa yangu kwa mdomo kila siku na hajui kama nimesoma. Sasa huyu amesoma. Basi, imetosha."

"Hutaki kubaki?"

"Banange, jamani, nani hataki?" Akachungulia nje kwenye theluji. "Mama Wakio alisaini na mikono iko na sabuni. Hata hakusoma ile karatasi."

Siku tano nzima nilikuwa nalinda, kumbe nalindwa. Dorota, ambaye hakuelewa neno lakini alielewa yote, aliondoka akarudi na vikombe viwili vya kahawa. Akaniwekea changu mbele yangu. Mikono yangu ikabaki mapajani, miguu ikatulia chini. Niliinywa yote bila kugusa kingine chochote, ikiwa na chumvi kidogo kwa sababu zangu binafsi. Maziwa, Imma alisema baadaye, yalikuwa yameungua.

Jumatatu usiku, International City. Tulitua katika joto, tukavua sweta moja moja ndani ya metro, kisha basi, hadi nyumbani Ugiriki. Mlango wa chumba ulikataa kufunguka vizuri. Nyuma yake palikuwa na sanduku kubwa, limefungwa kamba mara nne, na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene: MAMA WAKIO, WUNDANYI.

"Lilifungwa lini hilo?" nikamuuliza msichana wa kitanda cha juu, ambaye alikuwa amelalia mto wangu.

"Alhamisi, mlivyotoka tu. Tulimwambia asubiri aone kama mtarudi. Hakutusikia. Kila kitu amefungia humo. Siku nne anavaa yunifomu tu, akirudi anaifua, asubuhi anaivaa mbichi."

Mama Wakio mwenyewe alikuwa ameketi kitandani na yunifomu yake yenye unyevu, anakunywa chai.

"Mbona hukufungua ukatoa hata gauni moja, mama?" nikamuuliza.

"Nifungue kwa nini?" akasema, akinishangaa kweli. "Si mlisema Jumanne?"

Nimewahi kutukanwa na wateja wa mataifa yote yaliyomo duniani na mengine yaliyokwishafutwa. Hakuna aliyewahi kunichapa kama yule mama na chai yake. Akaona koti langu, akauliza kama naweza kumwazima, maana Wundanyi ni milimani na Jumamosi alfajiri kuna ukungu. Nikamwambia ni lake, asilirudishe. Ila nikaomba dakika moja. Nikaingia nalo chooni, nikatia vidole kwenye bitana, nikaitoa ile tishu, nikaitumbukiza, nikavuta maji. Nilimwambia nilikuwa nakata uzi uliolegea.

Jumanne asubuhi, Oud Metha. Sir alitazama saa, akatutazama, akapokea pasipoti zetu kwa uso wa mtu aliyeshindwa dau. Droo ikafungwa. Saa nne madam wa dirishani aliingia, akasikia nilikokwenda, akafurahi kwa niaba yangu.

"Na Krakow uliionaje, Rehema?"

"Nzuri, madam," nikasema. "Ila supu ilichelewa."

Mnaoniuliza nyumbani nimejifunza nini Ulaya, nitawajibu kwa kifupi. Baridi haina adabu. Nguruwe ni wengi. Na nilidhani mimi ni mtu wa kutegemewa, kumbe nilikuwa nimetegemea kutegemewa na watu wasionijua vizuri. Hilo la mwisho lingeweza kunifika bila nauli.

Jumatano mchana, Mama Wakio alipitia mkahawani kuchukua pasipoti yake akielekea uwanja wa ndege. Alikuwa na gauni la kitenge, na lile koti la maua mkononi. Madam wa dirishani alikuwa bado hajashuka, nikamshika Mama Wakio mkono, nikamketisha pale pale kwenye meza ya huyo madam. Sir alikohoa. Nikamwacha akohoe. Imma alitengeneza kikombe, akachora moyo, na maziwa hayakulia. Nikakileta kwa trei, kitambaa mkononi, mpini kulia.

"Karibu, madam," nikasema.

Mama Wakio akasimama.

"Keti, mama," nikamwambia. "Mikono weka mapajani. Ni ngumu mara ya kwanza."

Akaketi pembeni mwa kiti, kiganja kimoja juu ya pasipoti yake, akanywa taratibu mpaka moyo ukaisha. Kisha akainuka, akachukua kikombe na kisahani, akapita katikati ya wateja na gauni lake la safari hadi jikoni, akakunja mikono ya nguo, akakiosha.